Barafu Kwao, Tope Kwetu: Mwongozo Kamili wa Kutazama Ndege Wahamao Pwani ya Dar

Binamu yangu anaishi Tampere, Ufini, mji uliobanwa katikati ya maziwa mawili. Kila Januari hunitumia video ileile: Ziwa Näsijärvi limeganda, watu wanatembea juu yake kama wako Mnazi Mmoja, wengine wamekaa kwenye vigoda wakivua samaki kupitia tundu walilotoboa kwenye barafu. Mwaka juzi aliandika chini ya video: "Kimya. Hata ndege hakuna." Mimi wakati huo nimesimama karibu na Daraja la Selander, jasho linatiririka mgongoni. Nikamjibu: "Wako huku. Njoo uwachukue."

Haukuwa utani mtupu. Yule ndege mdogo wa kahawia anayetikisa mkia juu ya mawe ya Oysterbay, Actitis hypoleucos kwa jina la kisayansi, hutaga mayai kwenye kingo za maziwa kama hayo ya Ufini, Mei na Juni. Kinachomfukuza si baridi peke yake. Ni njaa. Ndege wa aina hii huishi kwa kudonoa wadudu ukingoni mwa maji na kuchomeka mdomo kwenye tope. Ukingo ukishakuwa mgumu kama sakafu ya saruji, hana pa kudonoa. Basi anashuka kusini kabla mlango haujafungwa, safari ya zaidi ya kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka.

Kwa hiyo anayetaka kufaidi majira ya baridi ya kaskazini anaweza kuyafaidi hapahapa Dar, bila koti na bila viza. Nitaeleza namna ninavyofanya mimi, pamoja na makosa yaliyonifundisha.

Hatua ya kwanza: jua nani yuko mwezi gani

Wa kwanza kufika ni hao wa kwenye mawe, Agosti, upepo wa kusi bado unavuma. Septemba na Oktoba makundi yanaongezeka, mengi yakiwa wapita njia wanaoelekea kusini zaidi. Kaskazi ikishashika, kuanzia Desemba mpaka mwishoni mwa Machi, ndiyo karamu yenyewe. Wazee wa pwani walijua majahazi ya Arabuni na Bara Hindi huteremka na kaskazi. Ndege nao wana ratiba inayokaribiana na hiyo.

Mimi napenda Januari. Vuli imekwisha, masika bado, ndege wametulia kwenye sehemu zao na utawakuta palepale wiki hadi wiki. Ndio mwezi pia ambao nchi nyingi duniani huhesabu ndege wa majini kwa pamoja, utaratibu ulioanza 1967. Ubaya wa Januari ni joto tu: nyuzi 31 na zaidi mchana, na unyevunyevu wa kukufanya utamani barafu ya binamu.

Hatua ya pili: soma maji kabla hujasoma saa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea vizuri sana. Miongozo mingi ya wageni inasema: amka alfajiri. Nikaamka saa kumi, saa kumi na mbili niko Selander na darubini shingoni. Maji yamejaa hadi kwenye ukuta. Nikaona kunguru kumi na mmoja na chupa za plastiki zisizo na idadi, nikarudi nyumbani kulala.

Msituni ndege hufuata jua. Pwani hufuata maji. Tope likifunuliwa wanakula, liwe limefunuliwa mchana au usiku; likifunikwa wanapumzika mahali pa juu wakisubiri. Bahari ya Dar hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika kama 50. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu inaweza kuwa karibu mita 1 tu, na tope linalofunuka ni kidogo.

Ratiba za maji zipo kwenye simu, lakini jifunze pia hesabu ya kichwani, maana haihitaji bando. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Kwa kalenda ya Kiislamu, tazama tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Siku hizo, hapa Dar, maji hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa saa nne au saa tano, asubuhi na usiku. Nusu mwezi mambo yanageuka: maji mafu, yanajaa saa nne au saa tano asubuhi, yanapwa jioni. Siku za katikati ongeza hizo dakika 50 kwa kila siku, hutakosea sana.

Ukitaka uhakika zaidi, muulize mvuvi. Siku moja Kunduchi nilimkuta mzee anashona nyavu.

"Shikamoo mzee. Habari za maji?"

"Marahaba. Maji bamvua leo, mwanangu. Saa kumi utayakuta kwenye mizizi ya mikoko hii."

Saa kumi kasoro dakika tano yalikuwa kwenye mizizi.

Sasa, katika mzunguko huo, usiende maji yamepwa kabisa. Bamvua ikipwa, tope linakwenda mbali mno, na ndege wanakuwa nukta nyeusi zinazotetemeka kwenye mvuke wa joto. Nyakati nzuri ni mbili. Ya kwanza ni saa moja hadi saa tatu asubuhi siku ya bamvua: maji yanatoka, kipande cha kwanza cha tope kinaonekana karibu na wewe, na ndege wenye njaa ya usiku wanakimbilia hapo. Ya pili, ambayo kwangu ndiyo bora ingawa jua ni kali, ni saa nane hadi saa kumi: maji yanarudi na kuwasukuma ndege kuelekea ulipo. Wewe hutembei, bahari ndiyo inayokuletea. Na kwa kuwa pwani yetu inatazama mashariki, mchana jua liko mgongoni mwako na rangi zinaonekana. Asubuhi utawaona kama vivuli.

Hatua ya tatu: vifaa

Darubini ya macho mawili, basi. Ikiandikwa 8x42, maana yake inakuza mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, hiyo inatosha. Usidanganywe na zinazojitangaza kukuza mara 30 au 50: mkono ukitetemeka kidogo tu, ndege anaruka nje ya picha, na kioo chenyewe mara nyingi ni giza. Teleskopu ya miguu mitatu ni raha kwenye tope pana, ila ni ghali na inavutia macho ya watu. Huna hela ya darubini? Anza na mawe ya Oysterbay, ambako ndege wanaonekana kwa macho matupu.

Kofia, maji ya kunywa, daftari na kalamu ya risasi, kwa sababu wino huchuruzika ukiloa jasho. Miguuni vaa raba kuukuu au sandali za kufunga. Kandambili yangu moja ya bluu imebaki kwenye tope la Msimbazi tangu msimu wangu wa kwanza.

Hatua ya nne: chagua kituo

*Selander na Tanzanite.* Mto Msimbazi unamwaga tope lake hapa, na tope hilo ndilo meza. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa 2022, lina urefu wa kilomita moja na ushee na njia ya waenda kwa miguu, kwa hiyo unaweza kutazama kutoka juu bila kuwatisha ndege. Kwa anayeanza, sijui mahali bora zaidi mjini, na unafika kwa daladala. Ila sema kweli: maji ya Msimbazi ni machafu. Usiingie ukiwa na kidonda, wala usiingie peke yako, tope lina sehemu zinazomeza hadi gotini. Eneo hili lina historia ya vibaka pia. Nenda wawili au watatu, mchana, simu mfukoni.

*Oysterbay hadi Coco.* Mawe ya matumbawe, vidimbwi, mchanga. Wikiendi Coco ni ya watu na mihogo ya kukaanga; ndege hawakai. Jumanne asubuhi ni yako.

*Kunduchi.* Hapa una mikoko, mkono wa bahari unaoingia ndani, mabwawa ya chumvi na pwani ya wavuvi. Siku bamvua inapofunika kila fungu la mchanga, mabwawa ya chumvi huwa kimbilio, na unaweza kukuta kundi zima limesimama kwa mguu mmoja, midomo imefichwa mgongoni. Mikokoni sikiliza mdiria wa mikoko mwenye mdomo mwekundu, ambaye ni mwenyeji. Omba ruhusa kabla ya kukanyaga kingo za mabwawa. Ni mali za watu na kingo hubomoka.

*Kigamboni.* Vuka kwa pantoni kutoka Magogoni au pita Daraja la Nyerere. Fukwe za mchanga mrefu baada ya Mjimwema ni za wale wakimbizaji mawimbi nitakaowaeleza. Tope ni kidogo.

*Mbudya na Bongoyo.* Visiwa vya hifadhi ya bahari, vimelindwa tangu 1975. Bongoyo boti hutoka Msasani, Mbudya hutoka upande wa Kunduchi. Siku za maji mafu, wakati Selander hakuna kitu, mimi huenda huko kutafuta buabua na yangeyange. Wengine huenda kuogelea na kula pweza, na siwalaumu.

Neno moja kuhusu darubini na ulinzi: usiielekeze Ikulu, bandarini, wala kwenye kambi ya jeshi. Pale Feri vyote hivyo viko karibu kuliko unavyodhani. Mlinzi mmoja alinihoji karibu nusu saa, mpaka nilipomwazima darubini amtazame shakwe mwenyewe. Tuliagana vizuri, lakini sipendekezi njia hiyo.

Hatua ya tano: kaa chini

Ukifika, usiwafuate. Tafuta jiwe au ukuta, kaa, jifanye sehemu ya ukuta. Dakika kumi za kwanza hutaona kitu cha maana, halafu tope litaanza kutembea. Wakiinua shingo wote kwa pamoja na mmoja akapiga kelele, umesogea mno, rudi nyuma. Hili si adabu tu. Ndege hawa wana saa chache za kula kati ya maji na maji, na kabla ya safari ya kurudi wengine hujaza mafuta mpaka uzito unakaribia mara mbili. Kila ukiwarusha umewachomea mafuta ya safari.

Wazazi wenye watoto: wape kazi ya kuhesabu. Mtoto asiye na kazi atarusha jiwe.

Hatua ya sita: tambua, lakini usianze na rangi

Kitabu kitakuonyesha ndege mwekundu kama tofali, kifua kinang'aa. Hiyo ni nguo ya harusi, huvaliwa huko kwao. Hapa wanakuja na nguo za kazini: kijivu juu, nyeupe chini, karibu wote. Kwa hiyo fuata mpangilio huu: mdomo, kisha miguu, kisha mwendo. Rangi iwe ya mwisho.

Anza na sululu, Numenius phaeopus, kwa sababu hakosewi. Ni mkubwa, wa kahawia, na mdomo mrefu umepinda kuelekea chini. Sululu ya kuchimbia unaijua. Huyu amebeba ya kwake usoni, na anaitumia vilevile. Mtazame anavyomtoa kaa shimoni, anamtikisa mpaka miguu inapukutika, kisha anameza mwili. Kichwani ana mistari ya giza na nyeupe. Akiruka hupiga filimbi fupifupi za kufuatana, kama saba hivi. Ukimwona mwenzake mkubwa zaidi, asiye na mistari kichwani, mdomo mrefu mpaka unajiuliza anaubebaje, huyo ni Numenius arquata.

Pembeni mwa sululu tafuta mwembamba, miguu mirefu ya kijani kijivu, mdomo umenyanyuka kidogo kuelekea juu. Akishtuka anapiga "tyuu-tyuu-tyuu", mara tatu, na mgongoni unaonekana weupe uliochongoka. Tringa nebularia. Naye huzaliana kwenye mabwawa ya misitu ya Ufini, ni jirani wa binamu.

Wadogo wote wavuvi huwaita vitwitwi, na jina hilo linatosha kwa miezi yako miwili ya kwanza. Baadaye utahitaji kuwatenga. Kwa kuwa Kiswahili hakijawapa wote majina yao, nimewapa ya nyumbani.

"Mgambo" ni Pluvialis squatarola. Mnene, mdomo mfupi, jicho kubwa. Anakimbia hatua tano, anasimama ghafla, anakodoa, anadonoa, anakimbia tena. Anawinda kwa macho, ndiyo sababu ya kusimama. Akiruka ana weusi kwapani, na kwa alama hiyo humchanganyi na mtu.

"Mlevi" ni Xenus cinereus. Miguu mifupi ya rangi ya chungwa, mdomo umepinda kuelekea juu, anakimbia ameinama mbele kana kwamba anaanguka, huku na huku akifukuza kaa wadogo. Ukishamwona mara moja utacheka kila ukimwona.

"Chekechea" ni Calidris alba wa fukwe za mchanga. Weupe, wanakimbia kundi zima kufuata wimbi linaporudi, wanadonoa haraka, wimbi likija wanakimbia kurudi. Wanazaliwa kaskazini kabisa, Aktiki, ambako hata miti haioti.

Kisha kuna Calidris ferruginea, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo chini na kiuno cheupe akiruka. Huyu ndiye anayejaza tope la Selander siku nzuri. Anataga kwenye tundra ya Siberia. Kutoka Rasi ya Taymyr hadi hapa ni karibu kilomita 10,000. Pembeni yake, mdogo kuliko wote, ukubwa wa shomoro, ni Calidris minuta, ambaye uzito wake kwa kawaida haufiki gramu 30. Pima sukari vijiko viwili vikubwa mkononi, uone ni kitu gani kinachovuka jangwa.

Anayegeuza vijiwe na mwani kama mtu aliyepoteza ufunguo ni Arenaria interpres. Miguu ya chungwa, kifua chenye weusi.

Kuna ndugu wawili wa jamii ya kukimbia na kusimama, mmoja mkubwa kidogo na mmoja mdogo kidogo, ambao hutofautiana kwa urefu wa mdomo na miguu. Nimebishana na rafiki zangu juu yao misimu minne. Waandike "mmoja wa wale wawili" na endelea na maisha.

Tunu ya pwani yetu ni Dromas ardeola, mla kaa: mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene mweusi kama wa ndege aliyekosea kichwa. Huyu hakukimbia barafu. Anatoka fukwe za Arabuni na jirani zake, ambako hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo analochimba mchangani. Dar kumwona ni bahati. Mafia na delta ya Rufiji, eneo lililoingizwa mwaka 2004 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, wako wengi zaidi.

Na kunguru? Kunguru hawa wa shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, wakavuka. Wakitua kwenye tope, vitwitwi huhama. Wahesabu au usiwahesabu, shauri yako, mimi siwahesabu.

Hatua ya saba: hesabu na andika

Kundi la ndege mia tatu halihesabiki mmoja mmoja. Hesabu kumi, angalia kumi hao wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi lote kwa nafasi hiyo. Jizoeze kwenye daladala kama konda anavyohesabu vichwa bila kunyoosha kidole.

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji na upepo. Hali ya maji usiisahau: "ndege 40, maji nusu yanajaa" na "ndege 40, maji yamejaa" ni habari mbili tofauti. Kisha ingiza kwenye eBird, tovuti na programu ya simu ya kukusanya kumbukumbu za ndege, bure, ili hesabu yako isiishie daftarini. Ukiona pete au kibendera cha rangi mguuni, piga picha hata kama mbaya, andika rangi na mguu gani, kulia au kushoto. Ndiyo namna ndege mmoja anavyounganishwa na mtu aliyemshika na kumvika alama hiyo upande wa pili wa dunia.

Aprili, ukiwa umevumilia mvua

Mwanzoni mwa Aprili rudi palepale Selander. Wale wa kijivu wameanza kubadilika: Calidris ferruginea ana madoa ya kutu kifuani, wiki ijayo nusu yake ni nyekundu, na mgambo anapakwa weusi usoni hadi tumboni. Wanakula bila kuinua kichwa. Chagua jioni mvua imekatika, saa kumi na moja na nusu hivi, maji yanapanda. Kundi likinyanyuka na kuzunguka mara mbili, tatu, huku wanaitana kwa sauti usiyoisikia Januari, usishushe darubini. Wakati mwingine wanatua tena. Wakati mwingine wanapanda juu, wanajipanga, wanaelekea kaskazini juu ya Msasani mpaka macho yanauma.

Mei utakuta tope liko wazi, isipokuwa wachache wa kijivu walewale, hawajabadilika nguo. Wengi wa hao ni vijana wa mwaka wa kwanza, bado hawajafika umri wa kutaga, hawana haraka ya kwenda popote. Watakaa na sisi kusi yote.